Mlipuko Huonekana Darasani Kabla ya Kufika Zahanati

Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya nyanjani 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia takwimu, neno moja limekuwa likirudiwa Lamu katika vikao vya wazazi na walimu: ufuatiliaji wa maradhi sasa una wenyewe. Kila nyumba ina mhudumu wake, kila mhudumu ana simu, mtoto akiugua habari itafika. Walimu wakuu wamelipokea neno hili kwa nafuu, wala si ajabu, maana mzigo walio nao ni mkubwa. Lakini mpango huu umeeleweka vibaya. Mhudumu wa nyanjani hufanya kazi kwa nyumba, na mlipuko wa watoto wa shule hauendi kwa nyumba. Huonekana kwanza darasani, kwenye rejista ya asubuhi, siku kadhaa kabla zahanati haijaona kitu, na mwenye wajibu wa kuutolea taarifa ni shule. Wajibu huo haukuletwa na mpango mpya wala haukuondolewa nao. Shule ikidhani kuna jicho jingine linaloangalia badala yake, zinazopotea ni siku tatu au nne za mwanzo, na hizo ndizo siku ambazo kuuzuia ugonjwa bado ni kazi ndogo.

Chukua mfano wa darasa la watoto 45 mjini Amu, yaani mji wa Lamu. Wanatoka Langoni, Mkomani, Gadeni, Bajuri na Wiyoni. Jumatatu watano hawakuja, wote wanahara. Mhudumu mmoja hupewa takriban nyumba 100, na hawezi kuzizungukia zote kila siku. Akibahatika kufika kwa mmoja wa watoto hao atakuta mtoto mmoja anayehara, atawaonyesha wazazi namna ya kuchanganya maji ya chumvichumvi, ataandika, atakwenda nyumba ya pili. Amefanya kazi yake sawasawa. Wenzake wanne wa mitaa mingine, ikiwa walipita, wameandika vivyo hivyo. Mtoto mmoja anayehara katika nyumba mia hamshtui mtu. Wagonjwa haohao wakitafuta tiba hutawanyika tena: mmoja huenda duka la dawa, mmoja kliniki ya kulipia, mmoja hospitali ya King Fahd, na wawili hawaendi popote kwa sababu bibi amewachemshia majani ya mpera. Takwimu za vituo vya afya hujumlishwa kwa wiki. Kwa hiyo hesabu ya watano haijakutana popote isipokuwa mahali pamoja tu: kwenye rejista ya darasa, watano kati ya 45, kabla ya saa mbili u nusu asubuhi.

Sheria yetu ililitambua jambo hili zamani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imekuwapo tangu 1921. Kifungu chake cha 18 kinasema kwamba mtoto anayesoma katika shule, kituo cha mayatima au taasisi ya namna hiyo akijulikana kuwa na ugonjwa wa kuambukiza, uwe umo katika orodha ya kifungu cha 17 au haumo, msimamizi wa mahali hapo apeleke taarifa mara moja kwa afisa wa afya, na akitakiwa atoe orodha ya wanafunzi pamoja na wanakoishi. Maneno haya yasomwe polepole. Hayamtaki mwalimu awe daktari, wala hayamwambii asubiri majibu ya maabara. Hayasemi aombe ruhusa ya ofisi ya elimu. Na yale maneno "uwe umo au haumo" yana uzito wake hapa kwetu kuliko mahali pengi. Mwaka 2004 chikungunya ilipita kisiwani Amu. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulikadiria kuwa asilimia 75 ya wakaazi walikuwa wameambukizwa. Wengi waliougua viungo hadi kushindwa kufunga leso hawakuwa wamepata kulisikia jina la ugonjwa huo. Ugonjwa unaowapata watu watatu katika kila wanne hauwezi kupita bila kuacha madawati matupu, na dawati tupu huhesabika hata kama jina la ugonjwa halijulikani.

"Taasisi ya namna hiyo" kwa usomaji wangu inaingiza madrasa. Mtoto wa Lamu asubuhi yuko shule, alasiri yuko chuoni, yaani madrasa. Macho mekundu yalipoenea Pwani mwanzoni mwa 2024, ushauri uliotolewa shuleni ulikuwa mtoto abaki nyumbani mpaka macho yaache kutoa matongo na kuchuruzika. Ushauri mzuri. Lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani asubuhi, na alasiri akaketi mkekani bega kwa bega na wenzake 30 wa shule tatu tofauti, hakutengwa na mtu. Amehamishiwa penye mchanganyiko mpana zaidi. Ustadhi asipopewa habari na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu asipopewa habari na ustadhi, kila mmoja anaziba mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Kwa nini basi taarifa haziendi? Wengi hulaumu uvivu au woga wa walimu. Mimi naona chanzo kikubwa ni mpangilio wa serikali yenyewe. Katiba ya 2010 iliupeleka utoaji wa huduma za afya kaunti, ikaiacha elimu ya msingi serikali kuu, na ikaiweka chekechea chini ya kaunti. Katika uwanja mmoja wa shule, mtoto wa chekechea na ndugu yake wa gredi ya kwanza wako chini ya serikali mbili, na afisa wa afya ya umma wa wadi hana mkubwa hata mmoja anayemhusisha na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ana mkuu wake wa elimu katika kaunti ndogo, na huyo ndiye anayemwandikia ripoti ya utendaji. Tatizo likizuka, humpigia yeye kwanza na kungoja. Ofisi ya elimu huandika barua kwenda ofisi ya afya. Barua hufika Alhamisi, na maradhi yalianza Jumatatu. Dawa yake ni kubadili mpangilio wa simu: taarifa iende kwa afisa wa afya ya umma wa wadi na kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, na ofisi ya elimu ipewe nakala saa hiyohiyo. Namba za watu hao wawili ziandikwe ukutani ofisini, si kwenye simu ya mwalimu mkuu peke yake, kwa sababu anaposafiri Nairobi simu husafiri naye.

Sasa tuje kwenye rejista yenyewe, maana hapa ndipo kazi nzima ilipo. Rejista ya kawaida hujua mambo mawili tu: yupo, hayupo. Alama ya hayupo humeza kila kitu. Humo yumo aliyekwenda harusini Pate, aliyetumwa pesa za mtihani akaona haya kurudi bila kitu, anayemsaidia baba kuvuta nyavu, na anayehara. Kinachotakiwa ni herufi moja badala ya alama tupu: K kwa kuhara au kutapika, V kwa vipele pamoja na homa, M kwa macho, H kwa homa pekee, F kwa kifua na kikohozi, S kwa sababu nyingine. Mwalimu wa darasa anapoita majina huuliza nani anamjua asiyekuja, na katika miji yetu hii jirani yake yumo darasani humohumo. Wasiojulikana, mzazi hutumiwa ujumbe. Saa nne, wakati wa mapumziko, mwalimu wa afya hujumlisha herufi za madarasa yote katika ukurasa mmoja. Ni kazi ya dakika kumi. Wanaosahaulika siku zote ni watatu: mtoto aliyekuja akarudishwa nyumbani saa tano, mpishi, na mwalimu aliyeomba ruhusa ya kuugua. Wote waingizwe.

Hesabu haina maana bila kitu cha kulinganishia. Ijumaa ilinganishwe na Ijumaa, kwa sababu mahudhurio ya Ijumaa Lamu si ya Jumanne. Wiki ya Maulidi isitiwe katika wastani kabisa. Visiwani, siku za kusi kali ambapo mashua za watoto hazivuki zitiwe alama, la sivyo upepo utahesabiwa kuwa ugonjwa. Chukua wastani wa wagonjwa wa siku ileile kwa wiki tatu zilizopita. Herufi moja ikizidi mara mbili ya wastani wake, piga simu. Hicho ni kipimo cha maradhi mepesi. Kwa maradhi makali kipimo ni kidogo zaidi, nacho ndicho kinachotumiwa katika ufuatiliaji wa matukio ya jamii: watu wawili au zaidi wenye dalili kali zinazofanana, mahali pamoja, ndani ya wiki moja. Na yapo mambo ambayo mtoto mmoja anatosha: aliyelegea ghafla mguu au mkono bila kuumia, mwenye homa na vipele mwili mzima, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, na anayehara maji mfululizo mpaka macho yakaingia ndani. Kwa hawa usingoje wa pili.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na uwe na hesabu. Shule ipi, wanafunzi wangapi kwa jumla, wagonjwa wangapi, gredi zipi, dalili zipi, wa kwanza alianza lini, wangapi wamelazwa, maji ya kunywa yanatoka wapi, na chakula cha siku mbili zilizopita kilikuwa nini. Jina la ugonjwa lisiwemo. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloharibu taarifa nyingi. Mwalimu akiandika "taifodi" kwa kuwa mzazi mmoja ameleta karatasi ya kipimo cha Widal, kila anayefuata atatafuta taifodi. Widal hupima chembe za kinga katika damu, na chembe hizo zaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za vijidudu vingine kabisa. Ushahidi wa taifodi ni kuotesha damu maabara. Andika "homa siku tano, tumbo linauma, watoto sita wa bweni moja", kisha mwachie mwenye maabara aseme.

Kabla afisa hajafika, shule ina saa chache za kufanya mambo au kuyaharibu. Mgonjwa wa kuhara aketishwe chumba chenye hewa karibu na choo kitakachotumiwa na wagonjwa peke yao. Apewe maji ya chumvichumvi kidogokidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena taratibu. Paketi nyingi ni za lita moja ya maji, nyingine ni za nusu lita, na kosa la kawaida ni kumimina paketi nzima katika kikombe: mchanganyiko mzito huzidisha kuhara. Pasipokuwa na paketi, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, au hakojoi, atafutiwe chombo cha kumpeleka hospitali hapo hapo, maana kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache. Maji ya pipa yasimwagwe na masalio ya chakula yasitupwe. Yafunikwe, chakula kiwekwe kwenye friji kama ipo, kwa kuwa ndiyo yatakayoeleza ugonjwa ulitoka wapi. Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya dawa za kuua bakteria kuanza. Kwa kipindupindu usufi wa kuchukulia sampuli hutiwa katika chupa ya Cary-Blair, yenye dawa ya kuihifadhi sampuli njiani, nayo husafiri bila barafu, kwa hiyo mashua kutoka Kizingitini au Faza si kisingizio. Barafu inahitajika kwa kinyesi cha mtoto aliyelegea kiungo, nyuzi 2 hadi 8 mpaka kufika maabara.

Matapishi na sakafu husafishwa kwa klorini ya asilimia 0.5, iachwe dakika kumi kabla ya kufutwa. Jik nyingi za dukani ni asilimia 3.5, basi ni kipimo kimoja cha Jik kwa sita vya maji. Soma lebo kwanza, kwa sababu zipo chupa za bei ya chini zisizofika nguvu hiyo. Ukiwa na unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, ni gramu 7 hadi 8 kwa lita. Mchanganyiko utengenezwe kila asubuhi. Wa jana, hasa uliokaa juani katika chupa nyeupe, ni maji yenye harufu tu. Usiuchanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi inayounguza mapafu.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, na lita 20 kwa anayelala bweni. Shule ya kutwa ya watu 400 inahitaji lita 2,000 kila siku. Tangi la lita 10,000 ni maji ya wiki moja ya masomo, si ya muhula. Mjini Amu tunategemea visima vya Shela. Visiwa vya juu wanategemea jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua, na jabia mwishoni mwa kiangazi huwa na maji machache yenye majani na tope. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha mtungi wa lita 20, ukisubiri dakika 30, lakini kwa maji maangavu. Tope hula klorini yote kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo maji ya jabia yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yatulie, ndipo yatiwe dawa. Halafu yatoke kwa bomba au yamiminwe. Pipa lililotiwa dawa sawasawa huharibika saa tatu baadaye kwa kata moja inayoshikwa na mikono 200. Na iko imani kwamba maji ya kisima ya chumvichumvi hayana vijidudu kwa sababu chumvi huviua. Ni kinyume: bakteria wa kipindupindu kwa asili huishi penye mchanganyiko wa maji ya chumvi na matamu, ndiyo mazingira ya mikoko yetu.

Sabuni huibwa, na shule nyingi zimeacha kuweka kwa sababu hiyo. Gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kikitobolewa na chupa ikifungwa kwenye kibuyu chirizi, haina wa kuitamani nayo huosha mikono mingi. Vyoo ni hesabu ngumu zaidi. Mwongozo wa nchi ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, na tangu sekondari msingi ilipowekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi mwaka 2023, matundu yamebaki yaleyale huku kiwanja kikiongezewa gredi nzima ya watoto wakubwa.

Hoja za wanaopinga shule kubebeshwa jambo hili si nyepesi zote. Ya kwanza ni kwamba mwalimu si mtu wa afya na kazi zimemzidi. Ni kweli, na ndiyo maana sidai zaidi ya herufi na jumla. Lakini hoja hii ina upande wa pili ambao watu wa afya hawapendi kuusikia: mwalimu anayepeleka taarifa na asijibiwe hataendelea. Kaunti ikitaka hesabu za shule iahidi jibu la simu siku ileile na mtu kufika ndani ya saa 48, hata kwa Kiunga na Ndau, na itenge mafuta ya mashua kwa kazi hiyo kabla ya mlipuko, si baada yake. Bila hayo, kumlaumu mwalimu ni kumwonea.

Ya pili ni siri ya mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na wazazi wana haki ya kukasirika jina la mtoto wao linapozunguka katika kundi la WhatsApp la darasa. Hoja hii naikubali nzima. Majina huenda kwa afisa wa afya akiyataka, kama kifungu cha 18 kinavyosema, wala hayaendi kwingine. Wazazi waambiwe ugonjwa, gredi, na la kufanya. Mtoto mwenye upele au mapunye asisimamishwe mbele ya gwaride. Mzazi aitwe, na kwa upele familia yote au bweni zima litibiwe usiku mmoja, la sivyo utarudi baada ya wiki kadhaa.

Ya tatu ni chanjo. Julai 2025 watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walichanjwa taifodi nchi nzima, na wa chini ya miaka mitano wakapewa ya surua na rubela. Wapo wanaosema basi maradhi hayo yamekwisha kushughulikiwa. Chanjo ni ngao kubwa na ninamsihi kila mzazi aliyekosa apeleke mtoto. Lakini ya taifodi haikumgusa kijana wa miaka 16 wala mpishi wa shule, na mtu aweza kuibeba taifodi bila dalili kwa miaka. Cheti cha mpishi ni cha miezi sita, kikaguliwe tarehe. Barafu na achari za langoni nazo zikaguliwe maji yake, kwa kuwa kugandisha hakuui vijidudu. Surua nayo huambukiza mno, hivi kwamba inahitaji asilimia 95 ya watoto wawe na dozi mbili ili isienee.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa: kukiwa na ugonjwa, fungeni shule watoto waende makwao. Ndiyo pia inayowafanya walimu wakuu wafiche, kwani wanaamini kutoa taarifa na kufungwa ni jambo moja. Tuitazame kwa hesabu. Surua hujificha mwilini siku 10 hadi 14 kabla ya kuonekana, na huambukiza kuanzia siku nne kabla ya vipele. Ukifunga shule wiki moja, utaifungua karibu na siku walioambukizwa na mgonjwa wa kwanza wanapoanza kuambukiza wenzao, wakiwa wazima kwa macho. Taifodi hujificha siku 6 hadi 30. Kipindupindu hujificha saa chache hadi siku tano, kwa hiyo wiki moja inatosha kwa ugonjwa wenyewe, ila tangi ni lilelile, na watakaporudi watakunywa humohumo. Na watoto wa mji huu shule ikifungwa hawakai vyumbani. Wako vichochoroni, chuoni na ufukweni, pamoja. Kufunga shule za bweni ni kubaya zaidi. Aprili 2023 shule moja ya bweni ya wasichana Kakamega ilifungwa baada ya mamia kuugua na vifo kutokea. Uchunguzi ulikuta bakteria wa E. koli na salmonela. Wanafunzi walitawanyika kwenda kaunti nyingi, na kila mmoja akawa mgonjwa wa daktari ambaye hakuwajua wenzake. Mwanafunzi wa bweni Mpeketoni akipandishwa basi la Malindi akiwa na homa, atashuka akiwa mgonjwa mmoja asiye na orodha.

Kufunga kuna mahali pake. Maji yakikosekana kabisa, au chanzo cha maambukizi kikiwa ndani ya shule na hakiwezi kuzuiwa, maafisa wa afya waamue hivyo. Mara nyingi kinachotosha ni kumtenga mgonjwa kwa siku zinazojulikana: kuhara na kutapika, saa 48 baada ya mara ya mwisho, surua, siku nne tangu vipele vitoke, tetekuwanga, mpaka vidonda vyote vikauke na kufanya gamba, matubwitubwi, siku tano tangu mashavu yavimbe, kifaduro, siku tano tangu dawa kuanza. Karatasi hiyo ikibandikwa ofisini, mwalimu mkuu ana jibu la kumpa mzazi, na shule haifungwi.

Wahudumu wa nyanjani wana nafasi katika haya, na ni kubwa, ila si ile wanayodhaniwa. Wao wanajua nyumba. Shule ikishatoa orodha ya watoto watano, wao ndio watakaopita Langoni na Gadeni siku hiyohiyo kuuliza nani mwingine nyumbani anaumwa na maji yametoka kisima gani, na kuiingiza ishara hiyo katika m-Dharura, mfumo wa serikali wa kupeleka taarifa za dharura za afya kwa simu. Kaunti impangie kila shule na kila madrasa kubwa mhudumu mmoja, afike mara moja kwa wiki kutazama ukurasa wa herufi. Haihitaji sheria mpya wala kifaa kipya. Inahitaji kuanza mapema, kwa sababu wastani wa wiki tatu haupatikani siku ya mlipuko. Shule itakayoandika herufi kuanzia Jumatatu ya kwanza ya muhula wa kwanza itakuwa na wastani wake kufikia wiki ya nne, na mvua za masika zitakapojaza jabia na mashimo ya vyoo, mwalimu wa afya ataweza kusema kama K tisa za Jumanne hiyo ni nyingi au ni za kawaida.